Shati la Rangi ya Mtego

Zamani Jogoo ndiye aliyeuamsha mtaa. Kabla hakujapambazuka alikuwa uani, anapiga mswaki huku akiimba kwa sauti ya kukwaruza, mpaka jirani arushe kandambili ukutani. Ndipo akapewa jina hilo. Sasa Jogoo huyohuyo alikuwa amelala mchana kweupe kwenye kibaraza cha mkewe, kichwa juu ya furushi la vitambaa, kijiko mkononi, chakula mdomoni hakijatafunwa.

Mkewe, fundi cherehani, alimtazama huku akiendelea kukanyaga pedeli. Mwanzoni alidhani ni uchovu, maana kupasua mbao msituni si kazi ya lelemama. Baadaye akadhani ni mwanamke mwingine. Kwa nini mtu alale mchana, kisha usiku azunguke chumbani, afungue mlango, aufunge, aufungue tena? Alimpekua mifuko. Hakupata kitu ila unga wa mbao. Alipomuuliza, mume ambaye hajawahi kumfokea alimrushia kikombe.

"Kaka, tafuna basi," wifi yake, dada wa Jogoo, alisema akimtikisa bega. Alikuwa amekuja toka kwa wazazi wao kumwona kaka yake, na ulimi wake haukujua breki. "Au unasubiri tukutafunie?"

Jogoo akafumbua macho, akatafuna kidogo, akasinzia.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Mbung'o. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake: alitega mbung'o, wale inzi wanaonyonya damu na kumwachia mtu vijidudu vya malale, ugonjwa wa usingizi. Mitego ilishonwa na Fundi: kitambaa cha buluu, kitambaa cheusi, na chandarua cheupe juu kama kofia. Siku ya kwanza Fundi alicheka. Inzi anategwa kwa gauni? Bwana Mbung'o akamweleza kwamba mdudu huyu ana wazimu na buluu. Akiiona tu, anaifuata.

"Hodi hapa! Shemeji, jogoo wenu anaatamia mayai?" Bwana Mbung'o alisema, akicheka.

Aliinama kuchukua furushi, akasita, kicheko kikamkauka. Akapapasa shingo ya Jogoo kwa nyuma, chini ya nywele, polepole, kama mtu anayetafuta mbegu kwenye boga.

"Ana vivimbe. Homa je?"

"Huja na kuondoka," Fundi alisema. "Na kichwa kinamuuma."

"Usiku halali?"

"Halali."

Bwana Mbung'o alilitazama shati la Jogoo, kisha furushi, kisha shati tena. Mguu wa Fundi ukakoma kwenye pedeli.

"Mpeleke hospitali kesho asubuhi," Bwana Mbung'o alisema. "Wamtoe damu, na maji ya mgongoni. Usingoje, shemeji. Huu usingizi, ukiachwa, mtu haamki."

Alipoondoka tu bila furushi, wifi akasimama, mikono kiunoni.

"Haendi kokote kuchomwa mgongo! Kesho kuna lori la mbao linapita kwetu, nampandisha. Kaka yangu amefanyiwa kitu. Watu wana macho, wifi. Walimwona ananawiri."

"Ni mbung'o, wifi."

"Mbung'o! Mbung'o wapo msituni tangu babu hajazaliwa. Wapasuaji wanaingia huko kila siku. Mbona wao wazima? Nijibu. Kwa nini kaka yangu?"

Fundi alikuwa na jibu. Kiangazi kilichopita vitambaa vya mitego vilibaki. Buluu nzito, isiyochuja. Kuitupa ni dhambi. Akamshonea mumewe shati, na wenzake watatu wa msituni vilevile, kila moja na kimfuko cha penseli kifuani. Walivyopendeza! Maneno ya Bwana Mbung'o aliyaacha upande wa kazi, mashati akayaweka upande wa nyumbani, na pande hizo mbili hazikuwahi kusalimiana.

Angeweza kunyamaza. Wifi angesema kijicho, wakwe wangesema kijicho, na lori lingeondoka na mume wake.

Alichukua kipande toka kwenye furushi, akakilaza juu ya bega la Jogoo. Kilipotelea pale pale. Kitambaa na shati vilikuwa kitu kimoja.

"Inzi wanaifuata rangi hii," alisema. "Ndiyo maana tunategea. Nami nikamvika."

Wifi alitazama kitambaa. Alitazama shati.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Umemgeuza kaka yangu chambo! Mchawi ana nafuu, hujificha! Wewe umemshonea na vifungo!"

"Nitukane, wifi, una haki. Ila nitukane njiani. Mshike mkono ule, tunaondoka sasa hivi."

Na wifi alimtukana njia nzima, akimshikilia kaka yake kwapani asianguke.

Hospitalini vijidudu vilionekana kwenye damu, na kwenye maji ya mgongo pia. Daktari hakuwaficha: dawa ipo, ila ugonjwa umeshagusa ubongo, mwili utajibu wenyewe. Kisha akauliza, "Nani anafanya naye kazi?"

Wifi akamgeukia Fundi. Safari hii hakutukana.

Asubuhi wanawake hao wawili walifika msituni pamoja. Wapasuaji wawili walishusha msumeno.

"Shemeji Fundi! Jogoo anaendeleaje? Mwambie vifaranga tumemkumbuka!"

"Vueni mashati."

"Loo! Mume yuko kitandani, wewe unakuja kutuvua nguo?"

"Vueni, nimesema!"

Sauti yake iliwaondolea utani. Walivua, wakabaki na fulana zao, wakitazamana.

"Na Mrefu, wa tatu wenu, yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Huyo?" mmoja alisema, akionyesha kwa kidevu nyuma ya rundo la mbao. "Huyo siku hizi ni mzigo. Ukimpa msumeno, anasinzia nao."

Mrefu alikuwa amelala chali juu ya unga wa mbao, mdomo wazi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kwenye kimfuko cha penseli alitua inzi wa kijivu, mabawa yamepandana kama mkasi uliofungwa.

Fundi alimponda kwa kiganja. Mrefu hakushtuka.

Wifi alikuwa ameshachuchumaa, vidole nyuma ya shingo ya mtu asiyemjua. Akapapasa vivimbe, akafumba macho.

"Wifi," alisema, "shika miguu. Mabega niachie mimi."