Niachie Kichwa

"Gonga kwa nguvu," Mama alisema. "Hayo ni mabega, si tofu laini."

Nikagonga. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake kwenye mkeka wa tatami, ngumi zangu zikipanda na kushuka, naye ameinamia kikombe cha chai iliyokwisha poa, shingo imezama mabegani kama ya kasa. Nywele zake zilikuwa bado mbichi kwa maji ya moto aliyotoka kuoga, lakini mikono ilinuka bahari. Mikono ile ilinuka bahari siku zote, hata Mwaka Mpya. Pembeni yetu mwanangu Nagisa, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa, alitutazama kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Zaidi, Chinami. Au ndiyo nguvu zote zimeishia kwenye vitabu?"

Siku hizi nafanya kazi kwenye kliniki mjini Tsu, na wagonjwa wangu wananiambia maneno hayohayo. Wanalala kitandani, wanafumba macho, wanasema: usinionee huruma, bonyeza. Siwalaumu. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akishajua kukunja ngumi, anapewa mabega ya bibi yake. Ikifika Siku ya Mama, watoto wa chekechea wanakata karatasi za rangi, wanaandika juu yake "tiketi ya kugongwa mabega", na mama zao wanalia kwa furaha. Hakuna anayeyauliza mabega kama nayo yamefurahi.

Kila mgonjwa anaponiambia nibonyeze, nasikia sauti ya Mama, na narudi kwenye nyumba ile juu ya ghuba, jioni, harufu ya mwani ikiingia dirishani na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, ikichemka jikoni.

Nasema Mama, ingawa ni mama mkwe wangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado binti, na Setsuyo aliponipokea kama mke wa mwanawe alisema jambo moja tu: "Hapa hatuna watu wengi wa kuitana majina." Mwanawe, Tatsuro, ni mvuvi wa jodari, na miezi mingi yuko maji makuu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: Mama, mimi, na huyo mdogo mwenye meno mawili.

Mama alikuwa mpandikizaji wa lulu. Kibanda chao kilielea ghubani juu ya magogo, na wanawake walikaa humo kwa safu, kila mmoja na chaza wake amebanwa mbele yake. Kazi yenyewe ni kumchana chaza tundu dogo, kumtia punje nyeupe pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha kumrudisha baharini akaifunike hiyo punje taratibu mpaka iwe lulu. Mkono ukitikisika kidogo, chaza anakufa. Basi wanainama. Wanainama tangu asubuhi, macho karibu yaingie ndani ya ganda, na kichwa kizima kinaning'inia kwenye misuli ya nyuma ya shingo kama ndoo kwenye kamba.

Ndipo yalipotoka maumivu yake ya kichwa. Alisema ni kama amefungwa kitambaa, halafu mtu asiye na huruma anakaza fundo. Daktari alimpima akamwambia si ubongo, wala si presha, ni misuli. Akampa plasta za dawa na vidonge. Mama alirudi akinuka mentholi mpaka paka wa jirani akahama.

Mimi nilikuwa nasoma fiziotherapia kwa masomo ya jioni, mjini Ise. Kabla ya kuolewa nilibeba sinia katika nyumba ya wageni, mgongo ukaniuma, na hospitalini akanishika mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe, akanionyesha jinsi ya kusimama. Basi. Kusimama tu. Niliondoka pale nikijua ninachokitaka duniani. Lakini chuo cha jioni kilitegemea kitu kimoja: Mama atoke kibandani, anawe mikono, ampokee Nagisa, nami nikimbilie treni. Alikuwa akinifukuza mlangoni kwa sauti ya kusikika mpaka gatini: "Wewe mwanafunzi! Treni haimsubiri mwenye mtoto!"

Basi jioni ile ya tofu hakuridhika na ngumi. "Weka kiwiko," alisema. "Hapo chini ya fuvu. Lalia." Nikalalia. Alitoa sauti ambayo tuliidhani ni ya raha.

Asubuhi hakuweza kugeuza shingo. Alishuka ngazi ya gati akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi, na kabla ya chai ya saa nne wakamrudisha nyumbani. Aliyemleta ni Kazue, jirani yake wa benchi, mwanamke mwenye mdomo ambao haujawahi kupumzika.

"Mkweo ameua chaza wake wote wa leo," aliniambia. "Wengine waliona amewashikia kisu wakafa wenyewe kwa woga."

"Kazue, nenda kazini," Mama alisema, macho amefumba.

Kwetu maumivu ya namna hiyo, yanayorudi baada ya kukandwa, yana jina, na watu wanayachekea. Wanasema ni dalili kwamba dawa imeingia. Siku hiyo hatukucheka. Jioni Nagisa alianza kulia kwa ajili ya meno, na kila alipolia niliona uso wa Mama ukikunjamana. Alinyoosha mikono ampokee hata hivyo. Nikashusha begi langu.

"Nenda," alisema.

"Siendi, Mama."

Siku zilizofuata pia sikwenda. Tatsuro alipiga simu kutoka bandarini walikoshusha samaki. Nilimweleza. Akasema kwa upole, maana ni mpole yule mwanamume, "Chinami, chuo hakikimbii. Mtoto akianza shule utarudi."

Niliwajua wanawake walioambiwa hivyo. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa wao. Chuo hakikukimbia, ni kweli. Kilikaa palepale, wao ndio wakawa mbali. Mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia, na asiyehudhuria maandalizi hafanyi. Nilijiambia kwamba Mama asipopata nafuu mpaka mwisho wa wiki, nitawaandikia nimeacha. Nilipokata simu, Mama alikuwa amesimama mlangoni, bega kwenye nguzo. Alikuwa amesikia.

Sasa, kulikuwa na somo moja nililokwisha hudhuria, ambalo wanafunzi wote tulilichukulia kama mchezo. Mwalimu Ukita alitulaza kwa zamu na kutuamuru tushikane vichwa, vidole chini ya ukingo wa fuvu, pale nywele zinapoanzia, halafu tusifanye chochote. "Msiibonyeze misuli," alisema. "Isubirini." Nilikuwa sijathubutu kumjaribia Mama. Ni mkamwana gani anayemwambia mkwewe, lala hapo nisikufanyie kitu?

Lakini jioni ile nilichemsha maji, nikaloweka taulo, nikalikamua, nikamwekea shingoni. Alishusha pumzi. Lilipopoa, akanigeuzia mgongo, tayari.

"Haya. Gonga."

"Leo sigongi."

"Unaniadhibu?"

Nikakaa mbele yake. "Mama, chaza akifunga ganda, nyinyi mnamfungua vipi?"

Alinitazama kama nimeuliza maji yanaloweshaje. "Hatumfungui. Tunambana na wenzake kikapuni mpaka achoke kwa kukosa hewa, halafu tunamtia kwenye maji mazuri. Anafungua mwenyewe. Hapo ndipo unachomeka kabari."

"Na ukimfungua kwa nguvu?"

"Msuli unachanika, anakufa. Hata Kazue anajua hilo." Chini, ghubani, mashua ilipita na mawimbi yake yakafika ukutani kwetu. Mama akajishika nyuma ya shingo, palepale nilipolalia kwa kiwiko. "Chinami. Unaniita mimi chaza?"

"Ndiyo, Mama."

"Mzee tena."

"Aliyebanwa kikapuni muda mrefu."

Alicheka, akashika kichwa kwa maumivu ya kucheka, akalala chali. "Fanya basi. Lakini nikifa, usinitoe lulu."

Nilikaa upande wa kichwani pake, viwiko sakafuni, nikaingiza mikono chini ya shingo yake. Misuli ilikuwa migumu kama kamba iliyokauka juani. Nikangoja.

"Unanigusa kama unaangalia iwapo tikiti limeiva," alisema.

Nikangoja tu. Ndipo nikagundua jambo la ajabu: mikononi mwangu hamkuwa na uzito. Kichwa chake kilikuwa kimeelea. Alikuwa akinisaidia. Amelala chali, anaumwa, na bado anakibeba kichwa chake mwenyewe ili kisinichoshe.

"Niachie kichwa, Mama."

"Si nimekuachia?"

"Hujaniachia. Umekishikilia."

Aliponijibu, sauti ilikuwa ndogo, si ile ya gatini.

"Nisipokishikilia mimi, nani atakishika?"

Baba mkwe wangu alikwenda baharini Tatsuro akiwa darasa la kwanza, na bahari haikumrudisha. Hilo nililijua tangu uchumba. Lakini nilikuwa sijawahi kulishika kwa vidole.

Nikakumbuka siku niliyomleta Nagisa kutoka hospitali. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kile kitu kidogo chenye joto, naogopa hata kuvua viatu. Mama alikuja, hakumchukua. Aliweka kiganja chake chini ya kiganja changu, chini ya kile kichwa kinachoyumba, akasema maneno ambayo sasa niliyarudisha kwake.

"Kichwa kwanza, Mama. Mengine yatafuata."

Akavuta pumzi. Alipoitoa, sikuona kitu chochote, nilihisi tu: kwanza upande wa kushoto, kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Halafu wa kulia. Halafu kichwa chote kikashuka mikononi mwangu, kizito, kizito ajabu, miaka yote ile, na chini ya vidole vyangu ile kamba ngumu ikaanza kulainika yenyewe. Sikubonyeza. Nagisa alikuwa amekuja akitambaa, akaweka mkono wake wenye mate juu ya paji la uso la bibi yake, kama na yeye yumo kazini.

Muda si muda, Mama akakoroma.

Haukuwa muujiza. Kitambaa kililegea, hakikufunguka. Ilibidi turudie jioni baada ya jioni, na ilibidi nimfundishe kurudisha kidevu nyuma polepole, kama anayetaka kujionyesha ana videvu viwili, na kupandisha meza yake ya kazi kwa ubao ili chaza amfuate yeye badala ya yeye kumfuata chaza. Kila kikapu kilipokwisha, asimame atazame mbali. Kazue alimsimanga: "Setsuyo anatafuta mume ng'ambo ya ghuba!" Kabla ya majira kwisha, walikuwa wanasimama safu nzima, wote wanarudisha videvu, na mwenye kibanda akauliza kama wamegombana naye.

Na mimi, kabla ya mwisho wa ile wiki, nilifukuzwa mlangoni. "Wewe mwanafunzi!"

Nilimaliza. Nikapata leseni, nikapata kazi Tsu, na Tatsuro akapata nafasi nchi kavu, kwenye soko la samaki. Mama alikataa kuja. Alisema huko atatazama mbali aone nini, maegesho ya magari?

Asubuhi ya kuhama, nyumba ilikuwa tupu upande wetu. Kwenye tatami palibaki alama za miguu ya kabati, za kijani kibichi kama mkeka ulivyokuwa mpya. Nje Tatsuro alifunga mizigo kwenye lori, na Nagisa alimpa amri. Mimi nilizunguka chumbani nikiokota vitu ambavyo havikuwepo, na kichwa kimenibana pande zote mbili, kama kuna mtu anakaza fundo.

Mama aliniangalia kidogo. "Lala," alisema.

"Tunachelewa, Mama."

"Lala."

Nikalala pale penye alama za kabati. Alikaa kichwani pangu, magoti yakilia, na mikono inayonuka bahari ikaingia chini ya shingo yangu, vidole vikatafuta ule ukingo, vikaupata, vikatulia. Hakubonyeza.

"Niachie," alisema.

"Nimekuachia."

"Mwongo."

Honi ya lori ikalia. Nikataka kuinuka; vidole havikunizuia, wala havikuondoka. Nikasikia Nagisa akiita bibi, akiita mama, halafu akiingia mbio na viatu miguuni. Akasimama. Akavivua, akaja kukaa karibu yetu, mkono wake juu ya paji la uso wangu.

"Kizito hiki," Mama alisema kwa mshangao, baada ya muda. "Vitabu vyote vile."

Honi ikalia tena. Hakuna aliyenyanyuka.