Moto Unaowashwa Juu

Wageni wa mwisho walipoondoka baada ya matanga, Vumilia alivaa viatu vya mumewe, akazunguka nyuma ya nyumba, akafungua banda la kuni. Upande wa kushoto ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu.

Alishika mwimo wa mlango, akahesabu mistari iliyobaki. Upande ule ndipo Method alipopanga kuni kavu, zilizokaa chini ya paa kwa viangazi viwili mpaka zikawa zinalia ukizigonganisha. Upande wa kulia zilikuwa mbichi, za mwaka unaofuata. Mbichi hazikuguswa. Nani atahangaika na kuni mbichi wakati kavu ziko mkono wa pili?

Hakuhitaji kuuliza zilikwenda wapi. Method alifariki mwezi wa tisa, ghafla, na wenzao wa huku Sweden walifika kutoka Tensta, Södertälje mpaka Uppsala, wakafanya kama wanavyofanya nyumbani Makete. Wanaume waliwasha moto mkubwa uani wakauchochea usiku na mchana, wakinywa chai na kumsema marehemu kwa mema. Wanawake walipanga mawe wakainjika sufuria za wali na maharage hapo hapo nje. Vumilia alikuwa amelala ndani kwenye godoro, shuka usoni, na harufu ya moshi ule ilimfariji. Hakujua kwamba majira yake ya baridi ndiyo yaliyokuwa yanateketea.

Kukasirika hakuweza. Kila gogo lililokwenda, lilikwenda kwa heshima ya Method. Lakini baridi haijui heshima, na nyumba ile pembezoni mwa Jordbro ilijengwa kuwa ya kiangazi tu. Umeme wake ulitosha taa, friji na kihita kidogo cha bafuni cha kuzuia mabomba yasigande. Joto lote lilitoka kwenye jiko moja kubwa la matofali na vigae lililosimama katikati ya nyumba.

Shemeji yake Eliakim, mdogo wa Method, hakukawia kuja na hoja. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha malori Södertälje, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi. Alikaa jikoni na mkewe Benedicta, chai ikipoa mbele yake.

"Shemeji, mimi sikufukuzi. Lakini nyumba hii kaka aliiweza kwa sababu alikuwa kaka."

"Na mimi nilikuwa naishi humu na nani? Na paka?"

"Nisikilize kwanza. Tensta kuna chumba kwa akina mama Goodluck. Joto liko ukutani, linakuja lenyewe. Unageuza hivi tu." Alizungusha vidole hewani. "Nyumba tunaiuza, unakaa karibu na watu."

"Nitanunua kuni."

"Wapi? Nimepiga simu kila mahali. Umeme umepanda, Waswidi wote wamekimbilia kuni. Kavu zimeisha Stockholm nzima. Waliobaki nazo wanauza mbichi, zinazotoa povu."

Vumilia aliangalia dari. Mbao zile Method alizipigilia mwenyewe, moja moja, jioni baada ya kazi, akiimba vibaya. Nyumba hiyo ikiuzwa, atakwenda wapi kumkumbuka? Kaburini kuna jina tu. Humu ndani kulikuwa na mikono yake.

"Tukubaliane," alisema. "Kuni kavu zikiniishia kabla theluji haijaondoka uani, nitahama mwenyewe, sitangoja uje na gari. Lakini kikibaki hata kipande kimoja, hutaitaja tena Tensta mezani kwangu."

"Kipande kimoja?"

"Kimoja. Kikavu."

"Mama wee," Benedicta alisema, "mmegeuka wacheza kamari, msiba haujapoa."

Eliakim alinyoosha mkono, Vumilia akaupokea. Hakuwa na hofu. Mtu wa Makete afundishwe nini kuhusu baridi? Kule ukungu unaganda juu ya majani ya viazi asubuhi, na mama yake alikuwa akipikia watu wengi kwa magogo mawili tu, akiyasogeza motoni kidogo kidogo, mchana kutwa, na jioni anayafukia kwenye majivu. Ubahili wa kuni Vumilia aliunyonya pamoja na maziwa.

Basi akafanya vile vile. Aliweka magogo mawili ndani ya jiko, akabana tundu la hewa, akauacha moto usinzie. Ukizidi anaubana, ukififia anaulisha. Nyumba ilijaa moshi mwepesi usioisha. Kioo cha mlango wa jiko kiligeuka cheusi kama sufuria ya msibani. Matofali yalibaki vuguvugu tu, nguo zilikataa kukauka, na alilala na makoti mawili.

Perpétue, Mrundi aliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo pale Jordbro, alikuja kumtembelea karibu na Krismasi. Hakuvua hata kofia.

"Dada, hapa ndani baridi kushinda nje! Nje watu wanatembea, wanapata jasho."

"Nabana matumizi."

"Unabana mpaka roho itoke? Twende ukaangalie hizo kuni unazobana."

Walikwenda bandani. Vumilia alikuwa akikwepa kuzitazama vizuri, anaingia, anachukua, anatoka. Sasa alitazama. Rundo la kushoto lilikuwa limeshuka mpaka kiunoni mwake, na baridi yenyewe, ile ya mwezi wa kwanza na wa pili, ilikuwa bado haijabisha hodi.

Perpétue naye aliona. Alikohoa kidogo. "Tensta si pabaya sana," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Vumilia.

Aliporudi ndani peke yake alikaa mbele ya jiko. Moto ulikuwa unafuka, mvivu. Akamkumbuka Method akiwa amepiga magoti pale pale, na ugomvi wao wa kila mwaka. Method alikuwa na mtindo aliojifunza kwa Mswidi mmoja mzee aliyewauzia nyumba. Kuni nene chini, nyembamba juu yake, vijiti juu kabisa, halafu kiberiti kinawashwa huko huko juu. Tundu la hewa wazi lote. Moto unashuka chini kwa kishindo, unanguruma, na baada ya muda mfupi hakuna kitu.

"Wewe mwanaume," Vumilia alikuwa akimwambia, "moto gani unawashwa kichwani kama mshumaa?"

"Mshumaa umewahi kukutoa machozi kwa moshi?"

"Lakini angalia unavyokula kuni! Mama yangu angekufukuza jikoni."

"Mama yako alikuwa na mawe matatu. Mimi nina mlima." Na Method alikuwa akiyapiga yale matofali kofi, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni. Ndani ya jiko lile moshi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena kati ya matofali kabla ya kuruhusiwa kutoka, na kila ulipopita uliacha joto. Method alilieleza hilo mara nyingi. Vumilia alikuwa akiitikia huku anachambua mchele.

Kesho yake asubuhi alichukua shoka akapasua kuni vipande vyembamba. Akavipanga kama alivyoona vikipangwa miaka yote, akaweka vijiti juu, akafungua hewa yote, akawasha juu.

Moto ulisita. Kisha ukashika, ukaanza kushuka, na jiko likanguruma. Vumilia aliweka mikono kichwani. Kuni ambazo yeye angezitumia tangu asubuhi mpaka usiku zilikuwa zinateketea mbele ya macho yake, kwa fujo, kwa furaha kabisa. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye tundu la hewa alibane, na mara mbili akaurudisha. Moshi haukuwepo. Hata kioo kilianza kujisafisha chenyewe.

Alingoja mpaka mwali wa buluu ulipotoweka kabisa juu ya makaa, kwa sababu Method alikuwa akirudia kwamba ukifunga mwali huo ungalipo, hewa yake inaua watu usingizini. Ndipo alipofunga bomba la moshi. Akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya vigae.

Mwanzoni hakusikia kitu. Alikwenda kuosha vyombo, akarudi. Vigae vilikuwa vimepata uvuguvugu. Alipomaliza kukunja nguo, vilikuwa vya moto kiasi cha kuondoa mkono. Jioni, bila kuongeza hata kijiti, alivua koti la kwanza, akavua la pili, akabaki na kitenge na fulana ndani ya Desemba ya Sweden.

"Haya, Method," alisema kwa sauti. "Umeshinda. Umesikia? Umeshinda."

Ndipo alipolia. Msibani alikuwa amelia kama watu wanavyolia mbele za watu. Safari hii alilia akiwa ameegemea matofali ya moto, na alipomaliza alijisikia mwenye njaa, akapika ugali mkubwa akaula wote.

Toka siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alifunga vyumba viwili, akahamishia kitanda karibu na jiko. Aliingiza kuni mbichi ndani, akazisimamisha mbali kidogo na moto zikauke taratibu, na kila mara akachanganya moja ya hizo na kavu kadhaa. Maharage aliyaweka ndani ya jiko makaa yakishafifia, akayakuta yameiva bila kuyalipia gogo hata moja. Moto mmoja asubuhi, mwingine jioni baridi ikizidi. Perpétue aliporudi alivua kofia, koti, soksi, akaomba feni.

Mwezi wa pili ukaja kwa hasira. Misonobari ilikuwa inapasuka msituni kwa sauti za bunduki, na pua ziliganda kabla mtu hajafika kituo cha basi. Katikati ya baridi ile, simu ikaita. Ilikuwa Benedicta, na meno yake yaligongana.

"Dada Vumi, bomba la maji ya moto limepasuka mtaani kwetu. Jengo zima halina joto. Wanasema wanarekebisha, lakini Sekela anakohoa. Kwako... kwako kukoje?"

"Kwangu nimevaa fulana. Njooni."

Walifika jioni, wamebeba mablanketi na mtoto wao Sekela, aliyefungwa mitandio mpaka akabaki macho. Eliakim aliingia wa mwisho. Alisimama katikati ya sebule, akageuka polepole kama mtu anayetafuta joto limefichwa wapi.

"Shikamoo, mama mkubwa," Sekela alisema, halafu akaendelea kwa Kiswidi kwamba hapa ni kama Tanzania na yeye harudi nyumbani.

Walikula, wakapata moto. Lakini Eliakim hakutulia. Alipoona ndani ya jiko hakuna mwali, alikwenda kwenye kikapu akabeba gogo nene kifuani.

"Shemeji, weka chini."

"Moto umezima."

"Haujazima. Umemaliza kazi."

"Usiku huu kuna baridi ya kuua, shemeji, acha nitie hata moja tu."

"Eliakim!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake kavukavu hivyo. "Kwako Södertälje una mamlaka. Hapa, mikono mbali na kuni zangu."

Benedicta alicheka mpaka akashika ubavu. Eliakim alirudisha gogo, akalala kwa shingo upande, amevaa nguo zote kama mtu anayesubiri treni. Asubuhi Vumilia alimkuta ameyatupa mablanketi yote, amelala chali na singileti, jasho shingoni.

Walikaa siku kadhaa. Ilibidi vyumba vifunguliwe na jiko liwashwe zaidi, na rundo la kushoto likateremka mpaka magotini. Siku ya kuondoka Eliakim alikwenda bandani peke yake, akarudi ameinamisha kichwa.

"Shemeji, yale maneno yetu tuyafute. Tumekula kuni zako. Si haki."

"Hayafutwi. Ukiyafuta leo, mwakani utayaanzisha upya. Nitakushinda, na nitakushinda nikiwa nimekulisha."

Alisema hivyo kwa kujigamba, lakini gari lilipotoka alikwenda mwenyewe bandani kuyahesabu magogo yaliyobaki, akayarudia. Mwezi wa tatu theluji ikaanza kuyeyuka, ikamdanganya. Halafu ikarudi, nzito, mvua ya theluji iliyoangusha matawi. Alipunguza kuwasha, moto mmoja tu kwa siku. Alitoa koti kubwa la Method kabatini akalivaa ndani ya nyumba, akanywa chai ya tangawizi, akakataa kuugusa mstari wa mwisho wa kuni kavu. Kila asubuhi aliangalia uani, na uani kulikuwa kweupe.

Kisha, wiki ya Pasaka, jua likakaza macho. Ua wote ukawa matope, isipokuwa fungu moja la theluji chafu kivulini, nyuma ya banda.

"Lipige teke tumalize," Perpétue alishauri.

"Thubutu. Liyeyuke lenyewe."

"Dada, ni theluji kidogo hivyo! Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Walilitazama siku nzima kama watu wanaotazama maziwa jikoni. Kesho yake asubuhi pale palikuwa na unyevu tu, na ua dogo la njano limeshachomoza. Vumilia aliingia bandani. Kuni kavu zilizobaki zilijaa kumbatio lake moja na nyingine zikaanguka. Alizikumbatia hivyo hivyo, akapiga kigelegele ambacho jirani Mswidi alifungua dirisha kukisikiliza.

"Njoo uone," alimwambia Eliakim kwenye simu, wala hakusema nini.

Eliakim alikuja mchana ule akiwa na Benedicta, na nyuma ya gari alikuwa anavuta trela iliyojaa magogo mabichi, meupe, bado yanatoa maji. Alikuwa ameshayanunua. Hakuingia bandani kukagua. Alishuka, akavaa glavu, akachukua shoka.

"Yakipasuliwa sasa, yatakuwa tayari lini?"

"Baridi ijayo hayafai. Mwaka wa pili."

"Basi ndiyo ya mwaka wa pili," alisema, kana kwamba jambo hilo halikuwahi kujadiliwa. Akasimamisha gogo la kwanza, akalipasua katikati. "Nipasue mpaka wapi, shemeji?"

"Mpaka nitakapokwambia basi."

Vumilia alivuta kiti akakaa juani, miguu kaiegesha juu ya ndoo, akamtazama. Benedicta alimletea chai. Hakusema basi mpaka trela ilipokuwa tupu.