Pumzi ya Pipa la Tatu

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, fundi saa alifunga kibanda chake, akarudi nyumbani na saa ya mteja mfukoni, akachuchumaa mbele ya pipa la tatu na kuanza kuhesabu viputo. Alipenda kuijaribu saa namna hiyo kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Mpira mwembamba ulitoka kwenye kifuniko cha pipa, ukajikunja, ukaingia ndani ya chupa ya maji. Kila mara pipa liliposukuma hewa, kiputo kimoja kilipanda kwenye chupa na kupasuka.

Mapipa ya uji wa wiski yalikuwa kazi ya mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpishi. Alipika mahindi yaliyoparazwa mpaka yakawa uji mwepesi. Uji ukiwa bado wa moto alitia kimea kilichopondwa, akafunika, akaenda kufua. Ukipoa kiasi cha kuchovya kidole na kuhesabu hadi ishirini bila kukitoa, alitia sukari kilo kumi na nne kwa kila pipa, na mwisho kikombe kimoja cha uji wa pipa lililotangulia, uliokuwa bado hai. Kikombe hicho ndicho kilichokuwa hamira yake. Hakuwahi kununua nyingine tangu aolewe.

Siku ya kwanza pipa hukaa kimya. Siku ya pili huchemka ovyo mpaka chupa ikatikisika. Siku ya tatu hutulia, na baadhi ya mapipa yakishatulia huanza kupumua kama mtu.

Jambo hilo lilikuwa limezoeleka. Pumzi ya pipa ilikuwa ya mtu fulani wa mtaani, na mtu huyo ndiye ambaye angekunywa wiski na asiamke. Kwa hiyo kila siku ya tatu majirani walipita uani wakitoka kazini, wakainamisha sikio kwenye chupa, wakasikiliza kama kuna wa kwao. Asiyemtambua mtu alijikung'uta vumbi magotini akaenda zake. Aliyemtambua aliletewa kigoda.

Njia za kuzuia zilikuwa zimekwisha kujaribiwa. Mke wa muuza mikate alimfungia mumewe ndani wiki mbili nzima. Siku alipomfungulia, mume alikwenda moja kwa moja dukani kwa Mzee wa Madebe. Muuza mkaa naye alilimwaga mtaroni pipa lenye pumzi ya mwanawe. Pumzi ilikatika palepale, na mwana akafa jioni ileile kwa chupa iliyokuwa imebaki tangu wiki iliyopita. Ikajulikana kwamba pumzi ikiisha pipani, ya mtu nayo haikai.

Sababu pia ilijulikana. Mzee wa Madebe ndiye aliyeleta mahindi na sukari, na ndiye aliyekuwa mwenye nyumba zote za uchochoro ule. Wiski ikitoka kwa Mpishi ilipelekwa kwenye stoo yake, na huko iliongezwa kitu kutoka kwenye madumu meupe yasiyo na maandishi, ikatiwa rangi ya sukari iliyoungua, ikarudi mtaani kwenye chupa zenye picha ya farasi. Kijana mmoja mpaka rangi, aliyeitwa Rangi tu, alizipaka kuta za stoo hiyo. Alisema harufu ya madumu yale anaijua vizuri, ni ya kuoshea brashi. Alisema hivyo akiwa na chupa ya farasi mkononi.

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuuliza kuhusu madumu katika kikao cha wapangaji. Mzee wa Madebe alimjibu kwa upole kwamba watu hufa kwa mambo mengi. Mwezi haukuisha mwalimu akawa amehama. Mzee alikuwa mtu wa kusaidia. Kila msiba alileta viti na turubai, na alikaa mpaka mwisho.

Kila Jumamosi, kabla chupa hazijaanza kuuzwa, alimwita Mpishi barazani mbele ya watu na kummiminia kijiko kimoja kutoka chupa ya farasi. Mpishi alikimeza na kusema, "Imetoka kwangu." Watu waliuamini ulimi wake. Kwake nyumbani alimwaga wiski ya kwanza kutoka mtamboni, ambayo ndiyo yenye sumu, bila kuionea huruma, akaosha mrija wa shaba kwa maji ya ndimu, na hakuna aliyewahi kuumwa kichwa kwa alichokichuja yeye mwenyewe.

Basi siku hiyo ya tatu fundi saa alihesabu viputo. Vilipanda vitatu vifupi, pakawa na kimya, kisha kikaja kirefu kilichoshuka polepole na kumalizikia kwa mlio mdogo, kama mtu anayebandua ulimi kwenye kaakaa. Alihesabu tena. Akaiweka saa sikioni kuona kama ndiyo iliyokosea. Saa ilikuwa nzima. Miaka kumi na tisa alikuwa amelala karibu na pumzi ile.

"Kuna mtu?" Mpishi aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna," akasema. "Linachacha tu."

Akairudisha saa mfukoni.

Baadaye kidogo alifika msusi wa nyumba ya pili, na Rangi, ambaye ni mdogo wake, nyuma yake. Rangi alipumua na mluzi mdogo puani hata akiwa macho. Aliangukia pua alipokuwa mtoto. Aliegemea ukuta akasema, "Shemeji, mkinisikia humo niambieni mapema. Nina suruali mpya sijaivaa."

"Funga bakuli lako," dada yake akamwambia, akapiga magoti. Alisikiliza pipa la kwanza, na la pili. Kwenye la tatu alikaa zaidi. "Huyu ni mwanamke," akasema. "Ila si wa kwetu."

Mpishi akaja akijifuta mikono, akainama naye, akasikiliza pumzi yake mwenyewe mpaka viputo kumi. Hakuna mtu anayeijua pumzi yake ya usingizini. "Simjui," akasema. "Maskini. Ana watoto huyu?"

Fundi saa alisema hajui.

Kuanzia kesho yake alianza kulilisha pipa. Alikuwa ameitazama kazi ya mkewe kwa miaka mingi kama mtu anavyomtazama jirani akichimba kisima, na sasa alilazimika kuyakumbuka yote. Alijua kwamba sukari ikiisha pipa hunyamaza. Alijua pia kwamba ukali ukizidi, hamira hufa kwa kazi yake yenyewe, kwa hiyo sukari peke yake haitoshi. Mkewe alipokwenda kuchota maji, alichota ndoo ya uji mkali akaimwaga chooni, akatayarisha uji mpya wa kujazia wenye vikombe viwili vya sukari. Alichovya kidole, akahesabu hadi kumi na mbili, akaona inatosha, akamimina. Uji ulikuwa na moto bado. Nje kwenye bomba Mpishi alishikwa na kikohozi mpaka akaweka ndoo chini.

Tangu siku hiyo alihesabu hadi ishirini, na hakuwahi kupunguza hata moja.

Siku ya saba mapipa mawili yalinyamaza kama kawaida. La tatu likaendelea. Mpishi alilifungua, akaonja, akakunja uso. Uji uliopaswa kuwa mchungu ulikuwa mtamu. Alisema hajaona uji mvivu namna hii tangu azaliwe. Siku ya tisa fundi saa alichelewa kibandani kwa ajili ya saa ya ukutani ya mteja mkorofi, na alipofika nyumbani alimkuta mkewe ameketi kizingitini, midomo imepauka, mkono kifuani. Alisema amesimama haraka mno, si kitu. Fundi saa alipita pembeni yake bila kumjibu. Chupa ilikuwa ikitoa kiputo kimoja kwa muda ambao mshale wa sekunde ulizunguka nusu ya uso wa saa. Alitia sukari, akakoroga, akangoja. Viputo vilipanda vitatu vifupi. Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, rangi imemrudi usoni, anakitazama kikombe.

"Ni mimi," akasema Mpishi.

Fundi saa aliitikia kwa kichwa.

Mpishi alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda ambacho huwaletea wengine, akaweka sikio chupani. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Kumbe nakoroma."

"Si sana."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Niliona hainisumbui."

Walikaa hivyo mpaka kuni zikazimika jikoni. Kisha wakalibeba pipa pamoja, yeye mbele na mumewe nyuma, wakaliweka chumbani kwao kati ya kitanda na kabati, wakalifunika blanketi, wakashusha pazia la mlango.

Mzee wa Madebe alipokuja Jumamosi na mkokoteni wa sukari, wote wawili walimwamkia, naye akahesabu mapipa kwa fimbo yake. Aliambiwa la tatu limeharibika, limemwagwa. Hakukasirika. Alisema sukari italetwa ya mapipa mawili, basi, na kwamba anamngoja Mpishi barazani. Mpishi alijaribu kusema kwamba siku hizi tumbo linamsumbua. "Kijiko tu, mama," Mzee akasema. "Wakikosa kukuona watauliza." Mpishi akaenda, akameza, akasema imetoka kwake. Fundi saa hakwenda naye. Alibaki chumbani na mkono juu ya kifuniko. Pumzi haikubadilika.

Maisha yakaendelea. Pipa la chumbani lilikula vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, na sukari hiyo ilitoka kwenye magunia ya mapipa mengine mawili, maana hapakuwa na nyingine. Mapipa hayo yalianza kutoa wiski kidogo, nayo laini kama maji ya mchele. Mpishi aliliona hilo mapema kuliko mtu yeyote, na hakulisema. Mzee wa Madebe naye hakulalamika. Upungufu aliujazia kutoka kwenye madumu meupe. Zamani pipa moja kati ya manne lilikuwa na mtu. Sasa yote mawili yalipumua kila wiki, na kigoda hakikuwa kikirudishwa tena ndani.

Jumanne moja msusi alipiga magoti mbele ya pipa la kwanza. Mluzi mdogo ulitoka kwenye chupa, ukakatika, ukatoka tena. Hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vikisuka na kufumua upindo wa kanga. Kesho yake alirudi peke yake, akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi sebuleni mbele ya fundi saa. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema Rangi hajaambiwa, na kwamba asubuhi amevaa ile suruali.

"Shemeji, nimewaza," akasema. "Lile pipa likilishwa, haliwezi kuisha. Si ndivyo?"

Fundi saa alisema hajawahi kusikia.

"Kikombe kimoja tu asubuhi, kimoja jioni. Nitakuja kulikoroga mwenyewe."

"Sukari hakuna, shemeji."

"Hata nusu kikombe?"

"Inayoletwa ni ya kupimwa. Hakuna."

Pumzi ilisikika nyuma ya pazia. Vitatu vifupi, kimya, kisha kimoja kirefu kilichoshuka taratibu hadi kwenye kale kamlio. Msusi aliinua macho.

"Nani amelala saa hizi?"

"Mke wangu," akasema fundi saa. "Hajisikii vizuri."

Dirisha lilikuwa wazi. Uani, hatua kumi kutoka walipoketi, Mpishi alikuwa amesimama juu ya sufuria akikoroga uji, amewapa mgongo. Msusi alimtazama. Akalitazama pazia. Akaitazama mikono ya fundi saa, iliyokuwa na chenga za sukari kwenye vinyweleo. Fundi saa hakuificha.

Msusi aliinuka, akajifunga kanga vizuri.

"Akiamka, nisalimie," akasema.

Alitokea mlango wa uani. Alipompita Mpishi alipunguza mwendo, akamwambia, "Pole na kazi, dada." Mpishi alisema ameshapoa. Mwiko haukusimama.

Kwa uchache wa sukari pipa la kwanza lilinyamaza mapema, Alhamisi, saa kumi kasoro dakika sita. Fundi saa alikuwa na saa ya mteja mkononi, na ilikuwa sahihi. Wiski yake ilipelekwa stoo Ijumaa, ikarudi mtaani Jumamosi, na Jumapili viti vya Mzee wa Madebe vilipangwa mbele ya nyumba ya pili, na turubai likafungwa kwenye mabomba ya mifereji. Rangi alizikwa na suruali yake mpya. Dada yake ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mzee wa Madebe alikaa mpaka mwisho, akamwambia Mpishi kwamba sukari ya wiki ameshaiacha mlangoni.

Fundi saa alitangulia kurudi. Alifungua gunia, akapima vikombe viwili, akavikoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Nje waliosalia walikuwa wakikunja viti. Akachovya kidole, akaanza kuhesabu, na nyuma ya pazia mkewe, ambaye alikuwa bado msibani, akavuta pumzi.