Amri Zote Faili Moja

Mama mkwe alipiga simu asubuhi, Chiriku akiwa ndiyo kwanza anawasha kompyuta ofisini.

"Mwanangu, hiyo tovuti yenu ya zahanati inanizungusha kama pia. Nabonyeza 'weka miadi', inataka nywila. Naiweka, inanirudisha mwanzo. Nabonyeza tena, nywila!"

"Pole, mama. Leo hii hii utapata daktari."

Hakusema hivyo kumtuliza tu. Chiriku, waliyembandika jina hilo kwa kuwa hanyamazi akiandika programu, aliujua ugonjwa. Amri za kumhamisha mtu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine zilikuwa zimetapakaa kila kona ya mfumo. Kila fundi aliyepita aliacha zake bila kuuliza za mwenzake.

"Tia kiraka tu," alisema Kaka Seva, mkubwa wake wa kazi. "Ukichokonoa huko utaamsha waliolala."

"Hao waliolala ndio wanaomsumbua mama mkwe wangu. Nazikusanya zote, zikae faili moja."

"Na ukiharibu?"

"Nitajua pa kutafuta."

Akaanza, mdomo na vidole vikishindana. Alizing'oa amri kwenye kuingia, kwenye malipo, kwenye kurasa zilizokwisha kuhama. Mbili zilipogombana, alibakiza moja. Sasa mgonjwa akiombwa nywila, mfumo ungekumbuka alikokuwa anaelekea na kumpeleka huko huko. Mchana akaiwasha kazi yake, na mama mkwe akapata miadi kwa mkupuo mmoja.

Furaha haijakaa, simu ikalia. Alikuwa daktari wa zahanati.

"Nikiingia naletwa kwenye ukurasa wa wagonjwa. Kwani mimi naumwa nini?"

Kaka Seva alikunja mikono. "Nilisema mimi."

Chiriku aliangua kicheko, akafungua faili. Amri ya kumpeleka yeyote aliyeingia kwenye ukurasa wa wagonjwa ilikuwa imeitangulia ile ya madaktari, na kwa kuwa mfumo husoma kuanzia juu, ikawazoa wote. Akaipandisha ya madaktari juu.

"Jaribu sasa, daktari."

"Eh! Mara hii?"

Zamani hitilafu kama hiyo ingewachukua siku nzima, wakipekua programu yote kama waliopoteza sindano. Kaka Seva alikohoa kidogo, kisha akavuta kiti.

"Ule ukurasa wa maabara ninaotaka kuuhamisha, amri yake inakaa wapi?"

Chiriku alimsogezea kibodi. "Hapa, kaka. Andika mwenyewe."