Ramadhani ya Mpishi

Habari za pilau niulizeni mimi, msimuulize mtu mwingine. Kutoka Mapinga mpaka Miono, mwenye harusi akitaka wageni wale mpaka wasahau njia ya kurudi kwao, humtuma mtu Bagamoyo kwa Mardhiya binti Bwanaheri. Sijisifu, nasema lililopo.

Hayo ni ya upishi. Sasa ya mwili. Mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, redio zikituambia tuchimbe vyoo na tuchemshe maji, mimi nilikuwa mnene. Sisemi ule unene wa kutembea kwa madaha watu wakageuka. Huo nilikuwa nao zamani, na mume wangu Alawi aliusifia mpaka basi. Huu ulikuwa mwingine. Kabla ya kupanda baraza ya nyumba yangu mwenyewe ilinibidi nisimame, nishike nguzo, nijifanye kuna mtu namsubiri nimsalimu.

Kilichonivunja moyo kilitokea kwa Sihaba. Sihaba ni msaidizi wangu jikoni, mkono wake mzuri, mdomo wake mbaya. Siku hiyo tulipika hitima ya baba yake, na adhuhuri ilipofika tukaingia chumba cha wanawake kusali. Nikasujudu. Kuinuka nikashindwa. Magoti yamekataa, tumbo limenibana pumzi, jasho linadondoka mkekani. Sihaba na mwenzake wakanishika makwapa wakaninyanyua kama gunia la mbata, na sala yangu ikaharibika. Kuna mtu alicheka nyuma yangu. Akajitia kukohoa, lakini kicheko mimi nakijua.

Tangu siku hiyo nikawa nasali juu ya stuli. Najua imeruhusiwa. Shehe mwenyewe aliniambia mgonjwa na asali anavyoweza, thawabu zake hazipungui. Lakini iliniuma, jamani, iliniuma sana. Kila nikiinama pale juu, paji langu la uso linaishia hewani. Nikawa namwomba Mungu jambo moja tu: paji hili liguse mkeka tena kabla halijaguswa na udongo.

Msidhani nilikaa tu. Nilikunywa siki na ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Nilishinda na uji mweupe mwezi mzima, nikapungua kweli, watu wakanipa pole wakidhani nauguza mtu. Nikarudi kula kama kawaida, na mwili nao ukarudi, tena na nyongeza.

Ndipo akaja Mwanvita, binti wa kaka yangu, aliyetoka kusomea unesi Dar es Salaam. Mtoto mwembamba, macho makali, haogopi mtu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kama umekuja kuninyima chakula, mlango ni ule ule ulioingilia."

Akacheka, akavua viatu, akakaa. "Sikunyimi kitu. Mimi nataka kuijua tabia yako na chakula. Unakula lini, unakula wapi, na moyo wako unakuwaje wakati huo. Ukipunguza mwili ukaiacha tabia vile vile, mwili utarudi. Si umeuona ukirudi?"

Hapo alinipata. Nikamsikiliza.

Akanieleza habari za kalori. Alisema kila chakula kina nguvu ndani yake, kama mafuta ndani ya taa. Unayoyatumia yanakwisha, usiyoyatumia mwili unayaweka akiba, na kalori ndiyo kipimo cha nguvu hiyo. Akataka niwe naandika kila ninachokula.

"Niandike na mikono hii iliyojaa samli? Usinitie wazimu."

Nikaingia ndani nikachukua komwe za bao za Alawi, zile mbegu ngumu za kijivu anazochezea na wenzake jioni. Nikashona vifuko viwili vya kanga, nikavifunga kiunoni, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mwanvita akapendezwa mpaka akapiga makofi. Tukakubaliana komwe moja ni kalori mia. Asubuhi komwe kumi na tano zinalala kulia. Nikila andazi, mbili zinahamia kushoto. Sahani ya wali wa nazi, tano. Kifuko cha kulia kikiisha, siku imekwisha.

"Na mimi bao nitachezea nini?" Alawi akauliza.

"Chezea vidole, baba."

Kupimwa sikutaka kwenda mbele za watu, basi nikawa napanda mizani ya Alawi uani, ile anayopimia mbata, nazi kavu anazonunua kwa wakulima. Juma la kwanza likapita, la pili likapita. Komwe zangu zilibaki kila jioni, na mimi nikawa natembea kifua mbele. Nikapanda mizani. Chuma hakikusogea hata kidogo!

"Mizani yako mwongo," nikamwambia Alawi.

Loh! Hapo nilimgusa pabaya. "Mke wangu, sema unalotaka juu yangu, mizani uiache. Wakulima wa Makurunge wote wanaiamini, wewe ni nani?"

Tukanuniana siku nzima. Mwanvita alipokuja hakuuliza habari za mizani. Aliuliza, "Shangazi, siku za kupika harusi unahamisha komwe ngapi?"

"Moja, ya chai. Mimi sili nikipika. Mpishi anaonja tu."

"Sawa. Harusi ijayo nitakuja kukutazama ukionja."

Harusi ilikuwa Mapinga. Mwanvita akakaa jikoni kwenye kigoda, na bakuli kubwa mapajani. Kila ninachotia mdomoni, yeye anakata mfano wake anatia bakulini. Supu kijiko, naye kijiko. Kipande cha nyama, naye kipande. Mimi sikumjali, nilikuwa na masufuria manne motoni na Sihaba ananibishia kila neno. Nikapita, nikaonja, nikarudi, nikaonja, nikabandua ukoko kidogo, nikakagua sambusa kama zimeiva ndani.

Tulipokwisha kupakua, akaniita. "Shangazi, njoo uone ulichoonja."

Wallahi sikuamini. Bakuli limejaa mpaka mdomoni, na kando yake kuna sahani, maana nafasi ilikuwa imemwishia. Nyama, viazi, wali, sambusa nzima nzima, ukoko umesimama juu.

"Nani kala hivi?" nikauliza.

Mwanvita akanyoosha mkono kwenye kifuko changu, akaanza kuhamisha komwe moja moja. Kifuko cha kulia kikaisha, na bakuli lilikuwa halijafika hata nusu. Nilitamani kulia. Kumbe juma zima nilikuwa najinyima sahani ya wali nyumbani, nikirudi jikoni naila mara tatu nikiwa nimesimama.

"Na jambo jingine," Mwanvita akasema taratibu. "Kila Sihaba akikujibu, unachukua nyama."

"Basi mimi ndiye niliyemnenepesha!" Sihaba akadakia, na wanawake wote wakaangua kicheko. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari umekwenda kwenye sinia la nyama. Nikauona mwenyewe, nikaurudisha.

Mwanvita akasema, "Dawa ni nyepesi. Kuanzia leo aonje Sihaba."

"Ng'o!"

Nilisema kwa nguvu mpaka kuku wakatoka jikoni. Nimwachie Sihaba kuonja? Leo aonje yeye, kesho harusi zimfuate yeye, na mimi nibaki kuosha mchele. Na hata hivyo nilijua nikiendelea hivi, nitasali juu ya stuli mpaka siku ya kubebwa. Nikasimama pale, mwiko mkononi, nimekwama. Magoti yananiuma, machozi yako karibu, na sitaki Sihaba ayaone.

Na hapo ndipo likanijia, hapo hapo, bila kufundishwa na mtu. Nani anayepika futari za nyumba nzima kila Ramadhani, naye amefunga? Mimi. Na chumvi najuaje? Mpishi aliyefunga ameruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, kisha anatema, kitu hakipiti kooni. Miaka yote hiyo nimepika hivyo mwezi mzima, na hakuna aliyewahi kuniambia futari imepooza.

"Mwanvita," nikasema, "kuanzia leo, mwiko ukiwa mkononi, mimi nimefunga. Nitaonja kama Ramadhani. Ncha ya ulimi, na kutema."

Mtoto akanitazama, akanishika mkono akaubusu. "Shangazi, hilo mimi sikulijua. Na ndilo lenyewe. Tabia unayo tayari, tunaisogeza tu miezi mingine."

Mambo yakaenda hivyo. Jikoni nafunga. Nikila, nakula nimekaa, pale pale kwenye kona ya mkeka karibu na dirisha, sahani yangu peke yangu, na tonge siliongezi la pili kabla la kwanza halijashuka. Ukoko ukitoka tu nawagawia wanaoosha masufuria. Sihaba akinijibu, natoka nje nachota ndoo ya maji kisimani ndipo narudi kumpa lake. Nilichota maji mengi sana mwaka ule! Na komwe zikawa zinasema kweli.

Mizani ya Alawi ikaanza kusogea. Polepole, lakini ikasogea, naye akawa anatangaza uani kama anauza.

Sikatai, niliteleza. Siku ya Idd nilikula mpaka komwe zote zikahamia kushoto kabla ya adhuhuri, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikasema basi, imeharibika, bora nile mpaka Idd iishe. Mwanvita akanikuta na sinia la vileja. Hakunigombeza. Alichukua komwe zote kutoka kushoto, akazirudisha kulia mbele ya macho yangu. "Kesho asubuhi zinaanza hapa," akasema. "Umekosea leo, hujaikosea kesho." Nikalisukuma sinia. Neno lile lilinisaidia kuliko siki na ndimu zote nilizowahi kunywa.

Watu wakasema, hawakosi la kusema. Wengine wakasema Mardhiya kalogwa, wengine nina kifua kikuu. Mama mmoja mwenye harusi alinitazama juu chini akauliza kama bado naweza kupika, maana mpishi aliyepungua hivi labda hata yeye chakula chake hakimpendezi. Nikamjibu, "Kula kwanza, kisha uniulize." Alikula. Hakuniuliza.

Mwaka ukazunguka, ukaingia wa pili, na mwili haukurudi. Nyumbani nilikuwa nimeanza kujaribu sala, usiku mmoja naegemea kitanda, usiku mwingine naegemea kasha, nainama nusu, naogopa, narudi kwenye stuli. Hofu ilibaki hata uzito ulipoondoka. Sikumwambia mtu.

Kisha mama yake Sihaba akafariki, Mungu amrehemu, na siku ya arobaini nikaenda kupika. Nyumba ile ile. Chumba kile kile. Adhuhuri ikaadhiniwa, wanawake wakajipanga, na Sihaba, aliyesema atasali baadaye ili alinde masufuria, akaniletea stuli. Hakuileta kwa kejeli. Alikuwa amefiwa, macho yamemvimba, akaiweka nyuma yangu kwa upole kama anavyomwekea mtu wake.

Nikaisukuma kando kwa mguu.

Nikasali nimesimama kwa miguu yangu. Nikarukuu. Moyo ulikuwa unapiga mpaka naona wa jirani atausikia. Nikasema, Allahu Akbar, nikashuka, magoti, mikono, na paji langu la uso likagusa mkeka. Ukindu ulikuwa baridi, unanukia udi wa mwenye nyumba. Nikasoma tasbihi yangu, nikasoma tena, nikaomba niliyotaka kuomba, na machozi yakapita puani yakaingia mkekani. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Nikausikia mkono wa Sihaba kwapani mwangu. Maskini, alidhani nimekwama tena. Sikuweza kumjibu, nilikuwa kwenye sala. Nikainuka mwenyewe, na mkono wake ukabaki hewani.

Nilipotoa salamu nikageuka. Sihaba alikuwa ameketi nyuma yangu na kanga mdomoni, analia, na mara hii hakuna mtu aliyekohoa. "Bi mkubwa," akasema, "pilau inakungoja chumvi."

Tukarudi jikoni. Nikatia ncha ya ulimi kwenye mchuzi wa pilau, nikatema, nikaongeza chumvi kidogo. Alawi akaja na wanaume kuchukua masinia ya barazani. Aliponiona akasimama, akanyoosha kidole kuelekea paji langu, maana mkeka ulikuwa umechora pale misuko yake yote.

"Mke wangu, una alama usoni. Nikufutie?"

"Iache," nikamwambia. "Beba sinia."