Utelezi wa Mutoni

Ukitaka kumuudhi Hadija Mukagasana, fundi cherehani wa Nyakabanda, mwambie ameacha doa. Hata ukimpelekea shati la kupunguza mikono tu, atakurudishia limefuliwa na kupigwa pasi, na hukumwomba. Sasa Mungu naye ana mizaha yake: mwanamke huyo huyo akamjalia binti anayesomea utelezi.

Naam, utelezi! Ule ute wa kijani na kahawia unaoganda kwenye mawe ya mtoni na kuwaangusha watu. Mutoni alikuwa anamalizia shahada ya pili, na utafiti wake wote ulikuwa juu ya makaro ishirini, vigae vya kawaida vya sakafuni, alivyovilaza kwenye kijito cha chini ya mtaa. Wiki sita maji yalipita juu yake na ute ukajijenga. Jumatatu angeukwangua na kuupeleka maabara, wahesabu ni aina ngapi za bakteria na mwani zinaishi humo. Bila ute huo hana cha kutetea mbele ya walimu, na mwaka umekwenda na maji.

"Mama, mle kuna viumbe wengi kuliko watu wa stendi ya Nyabugogo siku ya sikukuu," alimwambia siku moja.

"Wamefuata nini?"

"Wanakula taka. Ndio wanaosafisha maji."

"Yewe, Mutoni! Uchafu unaosafisha?" Mukagasana alicheka mpaka akapotosha mshono. Alimpenda huyu mtoto, basi tu. Akianza kusimulia mambo yake ya majini, mama mtu aliacha cherehani na kumtazama mdomo, hata pale alipokuwa haelewi kitu.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, mtaa mzima ukatoka kufanya usafi. Vijana, Mutoni akiwa mmoja wao, walipelekwa juu barabarani kuzibua mifereji. Akina mama wakapewa kijito. Mukagasana akayakuta makaro yamepangwa mistari minne, kila moja na namba yake, yote yameota ute. Alijua fika ni ya mwanawe. Akawaza: utelezi si umejaa kwenye mawe yote haya? Basi makaro haya ni sahani za kuupimia, na nani anapakua kwenye sahani chafu? Mwalimu akiyaona hivi si atasema mtoto hana mama?

Akakunja mikono ya gauni. Brashi, sabuni ya unga, ndoo. Akasugua moja baada ya jingine, akasuuza, akarudisha kila namba mahali pake.

"Iko safi sana, Mama Mutoni!" jirani yake Mukabalisa akamsifu.

Saa tano Mutoni akashuka na matope magotini. Alipoona makaro yanang'aa, aliinama akapapasa moja.

"Nani, Mama?"

"Mimi, mwanangu!" Tena kwa kujidai.

Mutoni akakaa chini palepale kwenye tope. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Ule ute wa kwenye makaro ndio niliokuwa nausubiri, Mama. Wote."

Mukagasana aliona aibu, lakini zaidi aliogopa, maana mkono wake mwenyewe ndio uliomfutia mtoto mwaka mzima. Mutoni akaishika ile mikono iliyokunjamana kwa maji, akaipuliza ipate joto. "Usilie, Mama," akasema, na yeye mwenyewe analia.

Jumatatu, bila kumwambia mtu, Mukagasana alivaa kitenge chake cha Idi akaenda Kiyovu, ofisini kwa Daktari Mugenzi, mwalimu wa Mutoni. Mugenzi alikulia Bukoba, Kiswahili kwake si taabu.

"Mtoto hana kosa," Mukagasana akaanza kabla hajaketi. "Aliyesugua ni mimi. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Mugenzi akajikaza asicheke. "Uliyasugua yote siku moja?"

"Yote. Saa moja nzima."

"Ukayarudisha palepale?"

"Daktari, mimi sichanganyi vitu vya watu."

Mugenzi akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba kuna watafiti wanaosugua mawe ya mto kwa makusudi, wajue uhai unarudije: nani anatangulia, nani anafuata. Mutoni atakuwa anatoa makaro mawili kila baada ya siku chache. Tarehe ya kutetea itasogezwa miezi miwili. "Swali lake limebadilika tu, mama. Nenda kamwambie."

Alimwambia. Walikumbatiana mpaka mteja mlangoni akakohoa.

Miezi miwili ikapita. Jioni moja Mutoni alimketisha mama yake, akafungua kitabu chake cha utafiti kabla hakijapelekwa kujalidiwa, akamsomea kwa kumfasiria: "Vigae vyote ishirini vilisuguliwa siku moja na Bi. Hadija Mukagasana, fundi cherehani, kwa brashi na sabuni ya unga, kisha vikasuuzwa mara mbili."

Jina lake! La mtu aliyeishia darasa la sita, ndani ya kitabu cha chuo kikuu! Mukagasana akajifunika uso kwa mtandio, akalia weee, Mutoni naye akamwacha alie.

Baadaye akajifuta macho. "Hebu soma tena."

Mutoni akasoma tena.

"Mara mbili?" Mukagasana akauliza. "Mara tatu, mwanangu. Futa hapo, uandike ukweli."