Pijo la Gordon Halilii

Shemeji yangu Dishon ndiye aliyeanzisha maneno kwamba Pijo la marehemu linalia. Aliyasema mbele ya watu, ameshika kikombe changu, anakunywa chai yangu, ameegemea boneti ya gari langu.

Nasema langu, na sioni haya. Gordon, mume wangu, alikuwa dereva. Mimi nilikuwa nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, Homa Bay na kuziuza Migori na Uriri, na omena zile ndizo zilizotununulia Pijo kuukuu la stesheni wagon. Gordon alinifundisha kuliendesha kwa sababu alichoka kuamshwa alfajiri. Alipofariki mwaka wa tisini na nne nilibaki na binti yetu Beverly, magunia yangu na gari. Bila gari, magunia hayaendi popote.

Basi baada ya mazishi gari likaanza kuvuja oili. Si kuvuja kwa aibu, la. Ukiliegesha ukanunue chumvi, ukirudi unakuta dimbwi jeusi. Dishon akasema huyo ni kaka yake, hajaridhika, analia kwa sababu mjane wake amekataa kurithiwa. Dawa aliyoitoa ilikuwa rahisi: gari liende kwake, na mimi niende nalo. Kama tela.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Dishon ana wake wawili, na mali yake yote imefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jembe limefungwa tyubu, redio imefungwa tyubu, hata mguu wa kiti chake. Anazungusha, anavuta kwa meno, kisha anachomeka ncha chini isionekane. Mtu huyo ndiye alitaka kunitunza.

Lakini aliyeniuma zaidi ni mama mkwe. Mama alimwamini mwanawe. Kila nilipolipeleka gari nyumbani, nje kidogo ya Rangwe, nikishaondoka alikuja na karai, akazoa ule udongo wenye mafuta, akaupeleka kwenye kaburi la Gordon. Alisema machozi ya mtu hayaachwi yakanyagwe na kuku. Nilipoambiwa habari hiyo nililia mimi, tena sana, kisha nikakasirika upya.

Familia ikaketi. Jaduong' Walter, mzee wetu na baba mdogo wa Gordon, ndiye mkubwa wa boma lile, na neno lake ndilo la mwisho.

"Nyar Uriri," akaniambia, kwa maana kwetu mke huitwa kwa kule alikozaliwa, "mwisho wa mwezi lete gari hapa. Likikaa wakati sisi tunakula na lisidondoshe kitu, basi Gordon amekubali. Ni lako, na hakuna atakayekusumbua tena, si kwa gari wala kwa kurithiwa. Likidondosha, Dishon atalichukua."

"Mimi nakubali hata sasa hivi," Dishon akasema, akicheka. "Wote mmenisikia."

Nikarudi Migori na roho juu. Mekanika wa kwanza alibadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikavuja. Wa pili akashusha giaboksi, akabadilisha sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia oili. Oili ikavuja. Wa tatu, Machuki, alikuwa tayari amelala chini ya gari niliposema kwa mzaha kwamba shemeji yangu anadai ni marehemu analia. Alitoka chini haraka, akafuta mikono, akaniambia gari la namna hiyo hawezi kuligusa. Nilimwambia maneno ambayo mjane hapaswi kuyasema hadharani.

Kutoka hapo nilienda kwa Ahmednur, mwenye duka la spea karibu na stendi. Niliomba gasketi nyingine ya sampu. Ahmednur hakusogea.

"Mama Beverly, hiyo sikuuzii. Wewe umeona kwa macho yako oili inatokea wapi?"

"Inatoka chini."

"Chini ndiko inaangukia. Mvua ikivuja kwa nyumba yako, utaziba sakafu?"

Mkewe, Ruqia, alikuwa nyuma ya kaunta akisikiliza. Baba yake alikuwa na malori, kwa hiyo mambo haya hayakuwa mageni kwake. Alinisukumia kopo la poda ya mtoto.

"Osha injini yote, dada, ikauke kabisa. Nyunyiza hii kila mahali, halafu washa. Oili haiwezi kupita kwenye poda isiache njia."

Nilienda nyuma ya nyumba niliyopanga, nikafunga leso kiunoni. Nilisugua injini ile kwa mafuta ya taa na brashi ya nguo, kisha kwa sabuni ya unga, kisha maji, nikiangalia yasiingie kwenye nyaya. Majirani walikuja kusimama uani. Mmoja akaniuliza kama naiandaa kwa harusi. Nikamwambia ndiyo, na yeye hajaalikwa. Ilipokauka niliinyunyizia poda hadi ikawa nyeupe kote, nikawasha, nikarudi mbele kuangalia.

Nilidhani nitaona mahali pamoja. Niliona pengi. Poda ililowa kuzunguka kifuniko cha juu cha injini, ikalowa mbele kwenye puli, ikalowa kando. Kutoka juu, oili ilikuwa ikiteremka nyuma ya injini na kukusanyika chini, palepale walipokuwa wanabadilisha sili. Nilipovuta waya wa mafuta kidogo kwa mkono, kile kijiti cha kupimia oili kikaruka chenyewe kutoka mahali pake.

Hapo nikazima na kufikiri. Kitu hakiruki bila kusukumwa. Ndani ya injini kulikuwa na pumzi iliyokosa njia, ikawa inasukuma oili kila palipo na upenyo. Injini ina bomba lake la kupumulia, mekanika huliita briza, la mpira, linatoka juu ya injini na kuingia chini ya kopo la filta ya hewa. Nikafungua lile kopo, nikaliondoa, nikafuata bomba kwa kidole.

Mwisho wake ulikuwa umefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Imezungushwa, imevutwa kwa meno, ncha imechomekwa chini isionekane.

Nilikata bomba lile kwa kisu, juu kidogo ya tyubu. Ndani kulikuwa na gunzi la hindi, limeshindiliwa kama lile tunalozibia mtungi wa mafuta ya taa. Nikakumbuka siku ya mazishi. Dishon alichukua gari kubeba wageni kutoka Rangwe, akarudi akilalamika kwamba linanuka moshi ndani, hata wageni wamekohoa. Baadaye akajisifu kwamba amelitengeneza mwenyewe. Bomba lilikuwa limepasuka tu. Yeye akaliziba, kama chupa.

Sikujua nicheke au niende nimpige. Nilikaa chini na gunzi lile mkononi, nikacheka hadi yule jirani wa harusi akarudi kuniangalia.

Ahmednur akaniuzia bomba jipya na gasketi ya kifuniko cha juu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imesukumwa nje. Nilivifunga mwenyewe. Nikaosha tena, nikanyunyiza poda tena, nikaendesha hadi Uriri na kurudi. Poda ilibaki kavu.

Mwisho wa mwezi nilishika barabara ya Rongo, nikakata kushoto, nikafika bomani wameketi wakinisubiri. Sehemu ya injini nilikuwa nimeiacha imefungwa vizuri. Lile gunzi, pamoja na kipande cha bomba na tyubu yake, lilikuwa kwenye mkoba wangu, na nilikuwa nimeapa kutolitoa. Mama alikuwa amebeba ule udongo kwa mikono yake. Sikutaka ajue alikuwa amebeba nini.

Nilitandika shuka langu jeupe la kitandani, nikaliingiza gari juu yake, nikazima. Tukala samaki na ugali. Mimi nilikula kuliko wote. Tulipomaliza, Jaduong' Walter aliinama kwa taabu, akachungulia chini, akapitisha mkono juu ya shuka.

"Ni kavu," akasema.

Dishon hakubabaika hata kidogo. Alifuta mdomo.

"Mmeona? Kaka ametulia kwa sababu gari limekuja nyumbani kukaa. Na gari zima kama hili si la kuachiwa mwanamke barabarani. Shemeji, lete ufunguo."

Nilimtazama Walter. Walter akatazama sahani yake. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, taratibu, mmoja akimfuata mwenzake. Gari likivuja ni langu na laana yangu. Likipona ni la ukoo. Damu ilinichemka hadi masikioni, na kiapo changu kikaishia hapo.

Nilifungua mkoba, nikaweka gunzi juu ya meza, kati ya mifupa ya samaki, na tyubu yake bado imelikaza ndani ya kipande cha bomba.

"Hili nililitoa kwenye injini," nikasema. "Gordon hakulia. Gari lilizibwa pumzi. Gunzi ni la Dishon, gari ni langu. Kila mtu achukue chake."

"Hilo si langu," Dishon akasema.

Mama alinyoosha mkono. Alilichukua, akaligeuza, akatafuta kwa kucha ile ncha iliyofichwa, akaipata mara moja. Kisha akatazama mguu wa kiti alichokalia Dishon.

"Dishon," akasema polepole, "ule udongo niliokuwa nambebea ndugu yako, ulikuwa nini?"

Mama aliinuka, akaingia nyumbani kwake, akatoka na lile karai na jembe la Dishon, lile lililofungwa tyubu. Aliviweka miguuni pake.

"Nenda ukautoe juu ya mwanangu. Wote."

Dishon akamtazama Walter, na Walter akamwonyesha kaburi kwa kidevu. Akaenda. Mama alimfuata, akasimama juu yake amekunja mikono, na sote tukasikia jembe likikwaruza udongo.

Mimi nilivuta gari mbele kidogo, nikakunja shuka langu. Kisha nikamimina chai kwenye kikombe cha Dishon, nikaegemea boneti ya gari langu, nikanywa.